USINGOJE SHAKA IISHE

Na mwanachama wa Kidato cha Nne

Wahenga hawakukosea waliposema kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Mimi iliniumiza matumbo na moyo vile vile, ndiposa nimeomba nafasi katika gazeti la chama chetu mwaka huu ili nitoe maoni yangu.

Tangu wimbo wangu ulipopigwa ukumbini siku ya Chama cha Kiswahili mwaka jana, wenzangu wengi wamenijia, hasa wale ambao wangependa kutengeneza muziki lakini wanaona haya kuanza. Swali lao huwa moja: "Ndugu, ile hofu uliiondoaje?" Jibu langu huwashangaza. Sikuiondoa. Ipo. Hata ninapoandika maneno haya ipo. Nilichofanya ni kuacha kuingojea iondoke ndipo nianze kazi. Hayo ndiyo maoni yangu kwa ufupi. Anayetaka sababu, na aandamane nami.

Kwanza nieleze jambo, maana wapo wanaodhani kwamba mtayarishaji wa muziki, au prodyusa kama tunavyomwita, ni mtu wa kubonyeza kitufe tu mwimbaji akaimba. La hasha! Yeye ndiye anayeamua wimbo uende kwa kasi gani, ngoma ilie wapi na inyamaze wapi, sauti ya mwimbaji ikae mbele au nyuma, na mwishowe huzipima sauti zote zisikanyagane. Mfananishe na mpishi wa pilau. Mchele, nyama na viungo vyaweza kuwa vizuri vyote, na bado pilau ikaharibika mkononi mwake.

Mimi nilianza katika likizo ya Aprili mwaka 2024, nikiwa kidato cha pili. Mtakumbuka kwamba likizo hiyo ilirefuka kwa sababu ya mafuriko. Shule zilizokuwa zifunguliwe tarehe 29 Aprili zikafunguliwa tarehe 13 Mei. Kwetu ni Kaloleni, katika kaunti ya Kilifi. Huko binamu yangu alikuwa na kipakatalishi kikuukuu chenye toleo la majaribio la programu iitwayo FL Studio. Toleo hilo halilipiwi, lakini lina mtego wake. Hukuruhusu kuhifadhi kazi uliyoianza, lakini ukishaifunga huwezi kuifungua tena uendelee nayo mpaka uinunue programu yenyewe. Unachobaki nacho ni wimbo ulioutoa ukiwa umekwisha.

Basi bwana, nilikaa pale kutwa kucha. Stima ikipotea, kazi nayo imepotea. Shule zilipofunguliwa nilikuwa nimeanza midundo ipatayo thelathini na kumaliza sifuri. Kila nikifika nusu, sauti fulani kichwani huniambia, "Kwani wewe ni nani? Acha mchezo." Nikipanda matatu kwenda Mariakani nasikia nyimbo za watu zinavyotoka safi, besi inatikisa viti, kila neno linasikika. Nikirudi kwa zangu naona aibu. Mjomba wangu naye hakunisaidia. Siku moja alisimama mlangoni, akasikiliza, akauliza, "Huo ni muziki au ni jenereta?" Nilicheka pamoja naye, lakini usiku nilifuta kila kitu.

Sasa sikilizeni jambo lililoniuma zaidi ya kicheko cha mjomba.

Nyanya yangu, ambaye kwa Kigiriama twamwita hawe, alikuwa mwimbaji. Si mwimbaji wa redio. Mwimbaji wa arusi na shughuli za kijiji, tena mpiga kayamba wa kukufanya uache sahani uinuke. Kayamba, kwa wasiolijua, ni chombo bapa cha matete chenye mbegu ndani, nacho hushikwa kwa mikono miwili kikatikiswa. Aliponiona na ile mashine aliniambia, "Mume wangu," maana ndivyo nyanya zetu wanavyotutania sisi wajukuu wa kiume, "utanichukua sauti lini nami nisikike?" Nikamjibu, "Bado, hawe. Ngoja nijue kwanza. Sitaki kuiharibu sauti yako." Likizo ya Agosti akaniuliza tena. Nikamjibu vile vile.

Novemba mwaka huo huo alipatwa na kiharusi. Mungu alimnusuru, na yu hai mpaka leo, lakini ulimi wake ni mzito na mkono wake wa kulia umelala. Haimbi tena.

Sauti yake niliyo nayo ni ya sekunde 41 tu. Ilinaswa na binamu yangu kwa simu, jikoni, bila hata kukusudia, jogoo akiwika na kifuniko cha sufuria kikianguka. Sekunde 41! Nami nilikuwa na mashine nyumba hiyo hiyo, likizo mbili nzima, nikingoja nijiamini. Chelewa chelewa utampata mwana si wako.

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba shaka yangu haikuwa unyenyekevu. Nilijidai kwamba ninaiheshimu sauti ya nyanya, kumbe nilikuwa nikiogopa kuchekwa. Kwa sababu ya kujilinda mimi, nilimnyima yeye alichokiomba mara mbili.

Desemba hiyo nilimaliza wimbo wangu wa kwanza. Ule mtego wa toleo la majaribio safari hii ulinifaa. Kwa kuwa singeweza kuifungua kazi kesho yake, ilinibidi niimalize kabla sijainuka kitini. Nilizitia zile sekunde 41 katikati, nikaweka ngoma, besi, na sauti ya kayamba niliyoipanga kwa mashine. Ulikuwa mbaya, sikatai. Lakini ulikuwa umekwisha, na kitu kilichokwisha mtu anaweza kukisikiliza akakuonyesha kilipoharibika. Midundo yangu thelathini ya mwanzo haikuwa na hata makosa ya kuonyeshwa.

Mwishoni mwa muhula wa kwanza mwaka 2025, mwalimu mlezi wa chama aliniruhusu niupige wimbo huo ukumbini. Lo! Mlikuwapo, sina haja ya kuwasimulia sana. Vioo vya madirisha vilitetemeka. Besi ilimeza kila kitu na sauti ya nyanya haikusikika hata neno moja. Vicheko vilianzia viti vya nyuma vikaja mpaka mbele, na kwa siku zilizobaki za muhula nikaitwa "Prodyusa wa Radi."

Jioni hiyo niliamua kuacha. Nilikuwa nikikunja nyaya za spika mwalimu wetu wa fizikia aliponijia. Yeye hakuwa amecheka. Aliniuliza swali moja tu: "Ulipoutengeneza wimbo huu, ulikuwa ukiusikiliza kwa spika gani?" Nikamwambia, "Spika za kipakatalishi, mwalimu." Hapo sasa akacheka. Alinieleza kwamba sikio la binadamu husikia mitetemo kuanzia karibu 20 hadi karibu 20,000 kwa sekunde, na kwamba besi ndiyo mitetemo ya chini. Spika ndogo kama kifuniko cha chupa haina nguvu ya kusukuma hewa ya kutosha kuitoa besi nzito. Mimi sikuwa nikiisikia besi, basi nikaiongeza, kisha nikaiongeza tena. Spika kubwa za ukumbini zikaitoa yote niliyoirundika. "Kwa hivyo, kijana," akasema, "sijaona ubovu wa kipaji hapa. Nimeona ubovu wa spika."

Wenzangu, hapo ndipo ilipo hoja yangu. Mwaka mzima nilikuwa nikijiuliza, "Je, mimi ninafaa?" Swali hilo halina jibu. Ukilala nalo utaamka nalo. Swali la mwalimu lilikuwa na jibu, tena jibu jepesi: kopa hedifoni, usikilize upya, upunguze besi. Tangu siku hiyo, ile sauti ya kichwani ikiniambia "Hii ni mbaya," mimi huiuliza, "Mbaya wapi? Ni ngoma? Ni sauti? Ni mwanzo au ni mwisho?" Mara nyingi hunijibu. Na ikishindwa kunijibu, najua kwamba ni woga tu, naendelea na kazi.

Isitoshe, tufikirie hivi. Masikio yetu yamesikia muziki tangu tukiwa mgongoni mwa mama zetu. Mikono yetu imeanza jana. Ni lazima sikio lisikie kasoro ambayo mkono bado haujui kuirekebisha. Shaka ya mwanagenzi aghalabu ni sikio lake likifanya kazi yake sawasawa. Wa kuhofiwa ni yule anayetengeneza wimbo wa kwanza asisikie kasoro yoyote!

Jambo hilo nilikuja kulithibitisha kwa nyanya mwenyewe. Likizo ya Aprili 2025 nilirudi nyumbani na wimbo niliokwisha kuupunguza besi, nikampigia. Alisikiliza macho yamefumba. Kidole cha mkono wake wa kushoto kikaanza kugonga mkono wa kiti, nami nikafurahi kwamba ameupenda. Kisha nikatazama vizuri. Kidole hakikuwa kikienda pamoja na kayamba langu. Hapa kilitangulia kidogo, pale kikachelewa kidogo. Nyanya akafumbua macho, akanitazama, akatikisa kichwa, akagonga tena kwa nguvu kama mwalimu anayegonga ubao.

Nifafanue. Katika programu hizi, kila kipimo cha wimbo hugawanywa visanduku vilivyo sawa, na aghalabu huwa 16. Unabonyeza kisanduku, sauti inaingia pale pale. Nami kayamba nililipanga hivyo, nikaamini ni sahihi kwa sababu mashine haikosei hesabu. Lakini kidole cha nyanya kilihesabu kwa tatu tatu, nami nilikuwa nimelilazimisha kayamba liende kwa nne nne. Tena mtikiso wake mmoja ulikuwa mzito na uliofuata mwepesi, na nafasi kati yake hazikulingana. Tangu likizo ile ya kwanza kuna kitu kilikuwa kikiniambia kwamba midundo yangu haina uhai. Nikakiita kitu hicho woga. Kumbe lilikuwa ni sikio nililolelewa nalo, linalojua kayamba kuliko mashine, likijaribu kunisaidia. Laiti ningaliliuliza mapema!

Muhula wa pili nilifanya kazi bila mashine. Simu haziruhusiwi shuleni, na chumba cha tarakilishi kina ratiba yake. Basi nilichukua daftari la hesabu lenye miraba, nikapiga mistari, visanduku 12 kwa kila kipimo badala ya 16. K ikawa kayamba, N ikawa ngoma, na mshale mdogo ukaonyesha sauti inayopaswa kuchelewa. Nikawa nagonga dawati kwa kidole mpaka viranja wakanikemea wakati wa masomo ya jioni. Wimbo mlioupigia makofi siku ya Chama ulitoka katika daftari hilo, nikaupanga kwa mashine likizo ya Agosti. Jogoo angali anawika ndani yake. Sikumfuta, kwa kuwa kila nilipojaribu kumfuta alikwenda na neno moja la nyanya.

Najua wapo watakaosema, "Wewe una bahati. Wengine wamezaliwa na kipaji, sisi hatuna." Hebu tuwatazame waliotutangulia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, studio za jijini Nairobi kama Ogopa na Calif zilibadilisha muziki wa vijana wa Kenya. Calif ilipewa jina kutokana na mtaa wa California, si ule wa Marekani, bali huu wetu wa Eastlands, na sifa yake ikawa muziki wa genge. Ogopa nayo ikajulikana kwa midundo ya kapuka. Je, mwajua kwamba jina hilo la kapuka halikuwa sifa? Wapo walioitumia kuibeza midundo hiyo, wakisema ni myepesi na ya kujirudiarudia. Leo wazazi wetu huicheza arusini na kutuambia kwamba enzi zao ndizo zilizokuwa na muziki. Kama wale watayarishaji wangalingoja mpaka asiwepo mtu wa kuwacheka, wangalikuwa wakingoja mpaka sasa.

Wengine watasema, "Hatuna vifaa." Ni kweli, vifaa vyazidiana, na mimi mwenyewe nilichekwa kwa sababu ya spika. Lakini mchagua jembe si mkulima. Zipo programu ambazo hazilipiwi hata senti, kama Audacity ya kurekodi na LMMS ya kupanga midundo, na zikishatiwa kwenye tarakilishi hazihitaji intaneti. Daftari la miraba je? Dawati na kidole je? Kayamba lenyewe ni matete, mbegu na uzi.

Wengine tena, hasa wazazi, watasema kwamba muziki utatuharibia masomo. Hoja hii siipuuzi, maana KCSE yaja nami ni mtahiniwa. Lakini nasema kwa dhati kwamba sijawahi kuielewa mada ya mawimbi katika fizikia kama nilivyoielewa baada ya aibu ile ya ukumbini. Na Muziki wenyewe ni somo la mtihani wa KCSE, si uhuni. Lenye kuharibu masomo ni kukosa ratiba, iwe ni kwa muziki, kandanda au porojo za bwenini.

Wala sisemi kwamba kila atakayejaribu atakuwa prodyusa. Rafiki yangu niliyeanza naye aligundua baada ya nyimbo tatu kwamba anachokipenda ni maneno, si midundo. Akaiacha mashine, na leo ndiye anayenitungia mashairi. Huyo hakushindwa. Amejijua kwa kujaribu. Anayeacha baada ya kumaliza kazi tatu ameamua. Anayeacha kabla ya kumaliza hata moja ameogopa tu.

Kwa hivyo, mwanagenzi mwenzangu, nina rai nne. Kwanza, maliza kazi, hata ikiwa mbaya, tena ndani ya muda uliojiwekea. Pili, usikilize kazi yako kwa spika zaidi ya moja kabla ya kuipeleka mbele za watu. Nisikilize mimi Prodyusa wa Radi ninapokuambia hivyo. Tatu, badala ya kujiuliza kama unafaa, uliza kasoro iko wapi. Nne, mpelekee kazi yako mtu anayelijua jambo, si anayejua kucheka tu. Kwangu mtu huyo alikuwa mwalimu wa fizikia na mama mzee asiyejua kuwasha kipakatalishi. Kuuliza si ujinga.

Kwa walimu wetu wapendwa nina ombi moja. Tunaomba chumba cha tarakilishi kwa saa mbili kila Jumamosi alasiri, chini ya uangalizi wa mwalimu mlezi, wanachama wajifunze kurekodi. Chama chetu kina watunzi wa mashairi, waigizaji na waimbaji, na kila mwaka sauti zao huishia ukumbini humo humo. Tukianza kuzihifadhi, watakaokuja baada yetu watasikia mashairi yalivyoghaniwa, si kuyasoma tu kwenye gazeti hili.

Nanyi nyote, hata msiopenda midundo, likizo hii inapokuja mtakwenda makwenu. Huko kuna nyanya na babu, wajomba na mashangazi, wenye nyimbo, hadithi na vitendawili ambavyo havimo katika kitabu chochote. Chukueni simu ya nyumbani, muwaombe waketi karibu, mbonyeze kitufe. Sauti itakuwa na makelele, na kuku atapita. Haidhuru. Makelele yanaweza kupunguzwa baadaye na mtu atakayekuwa amejua zaidi. Pengine mtu huyo atakuwa ni wewe.

Mimi kila nikirudi nyumbani humpigia nyanya wimbo wake, naye hugonga kiti kwa kidole. Mara ya mwisho tulikwenda pamoja kuanzia mwanzo karibu hadi mwisho. Pamebaki mahali pamoja tu ambapo bado anatikisa kichwa. Nitaparekebisha Agosti.